Volkano ya Tonga ilizitikisa hata mbingu zetu

Kuna karatasi moja ya mtihani ambayo laiti ningalijua ningaliihifadhi. Ilikuwa ya mvulana wa Kidato cha Pili, muhula wa pili wa mwaka 1991, katika shule ya bweni nilikokuwa nikifundisha Jiografia. Swali lilikuwa la kawaida mno, la aina ambayo kila mwalimu wa somo hili amewahi kuitunga usiku huku usingizi ukimlemea: taja na ueleze athari nne za mlipuko wa volkano. Kila athari ilikuwa na alama mbili. Wanafunzi wengi walinijibu kama nilivyowakaririsha: udongo wenye rutuba, chemchemi za maji moto zinazowavutia watalii, maisha na mali kuangamia, milima na maziwa kuumbika. Mvulana huyu alizitaja tatu kati ya hizo. Ya nne akaandika kwamba volkano kubwa ikilipuka hulitikisa lile tabaka la juu la hewa linalorudisha mawimbi ya redio ardhini, na hivyo redio za nchi za mbali hunyamaza.

Nilikikata kifungu hicho kwa kalamu nyekundu. Kama ningaliishia hapo, huenda ningalikuwa nimekwisha kusahau. Walakini siku ya kurudisha karatasi nilikisoma mbele ya darasa zima, nikauliza kwa kejeli kama volkano nazo hununua betri. Darasa likaangua kicheko. Mvulana akasimama kwa adabu na kusema, "Mwalimu, sisi nyumbani twakaa karibu na timbo la mawe. Baruti ikilipuliwa, mabati ya nyumba yetu hulia ilhali hakuna jiwe lililoyagusa. Nikafikiri, ikiwa hewa yaweza kuuleta mshindo hadi kwetu pembeni, ni kitu gani kitaizuia kuupeleka juu?" Nikamwambia aketi.

Sikuwa na jibu, msomaji, na ndiyo sababu nilimketisha. Hilo nalikiri leo bila kulazimishwa. Na la kuniaibisha zaidi ni kwamba majuma machache tu kabla ya mtihani huo, tarehe 15 Juni 1991, mlima Pinatubo ulikuwa umelipuka katika nchi ya Ufilipino, moja ya milipuko mikubwa kabisa ya karne ya ishirini. Redio zilitangaza habari za majivu, za kimbunga kilichofika siku iyo hiyo, na za mapaa yaliyoporomoka kwa uzito wa majivu yaliyolowa mvua. Wakati mimi nikikata jibu la mtoto yule, wataalamu wa Japani walikuwa na rekodi za vyombo vyao vya redio, na ndani yake mlikuwamo mtikisiko wa anga ya juu uliotokana na mlima uliokuwa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwao. Mambo hayo yalichapishwa katika majarida ya sayansi miaka michache baadaye. Mimi sikuyasoma. Niliyajua baada ya Tonga, nikiwa nimekwisha kustaafu.

Tuanze basi na Tonga. Huko ni visiwani, katikati ya bahari ya Pasifiki, mahali ambapo wengi wetu hukupatia kwa kidole juu ya ramani baada ya kukitafuta kwa muda. Jioni ya Jumamosi tarehe 15 Januari 2022, yapata saa kumi na moja na robo kwa saa zao, volkano iitwayo Hunga Tonga-Hunga Ha'apai, ambayo sehemu yake kubwa imo chini ya bahari, ilipasuka. Huku kwetu ilikuwa saa moja na robo asubuhi ya siku hiyo hiyo, watu wakinywa chai. Wingu la majivu na mvuke lilipanda hadi kilomita 57 juu ya bahari. Hakuna wingu la volkano lililowahi kupimwa likifika juu kiasi hicho. Lilivuka tabaka la stratosfia na kuingia lile la juu yake, mesosfia. Mshindo wake ulisikiwa na watu hata Alaska, umbali wa kilomita 10,000 hivi. Waya wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari ulikatika, na kwa siku nyingi Tonga ikawa kama bubu, ulimwengu ukiijua habari yake kwa shida. Mawimbi ya bahari yaliua watu Tonga kwenyewe, na wengine wawili wakafa maji nchini Peru, upande wa pili kabisa wa Pasifiki.

Haya ni ya ardhini na baharini, na magazeti yaliyaandika. Yaliyotokea juu hayakuandikwa sana, labda kwa sababu hayana picha ya kutisha. Nami nataka kuyaeleza hayo, tena kwa Kiswahili, ingawa lugha hii mpaka sasa haijaafikiana juu ya jina la tabaka lenyewe. Wako wasemao tabaka ayoni. Mimi nitasema ayonosfia, tusikawie mlangoni.

Kuanzia kilomita 80 hivi juu ya vichwa vyetu na kuendelea hadi mamia ya kilomita, hewa ni nyembamba mno, na miale mikali ya jua huzipiga atomu zake na kuzing'oa elektroni. Hewa ya huko basi si hewa ya kawaida. Ni mchanganyiko wa atomu zilizobaki nzima na vijisehemu vyenye chaji ya umeme. Mzee yeyote aliyewahi kusikiliza redio ya masafa mafupi usiku anaijua ayonosfia bila kulijua jina lake: sauti ya mtangazaji wa London au Cologne hupanda na kushuka, huja karibu kisha huenda mbali, kama ya mtu anayezungumza ng'ambo ya bonde penye upepo. Sauti ile haikunyoosha njia kutoka Ulaya. Ilipanda juu, ikapinda katika tabaka hilo lenye umeme, ikarudi chini. Mwaka 1902 Kennelly, aliyekuwa Marekani, na Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walikisia kwamba lazima kuna tabaka la namna hiyo, maana Marconi alikuwa ametangaza mwaka uliotangulia kwamba amepeleka ishara ya redio ng'ambo ya Atlantiki licha ya mviringo wa dunia. Mnamo 1924 Appleton akathibitisha kwamba tabaka lipo, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Sasa turudi kwa swali la mvulana wa timboni. Ni kitu gani kitauzuia mshindo usipande juu? Jibu ni kwamba hakuna. Tena kuna jambo ambalo yeye hakulijua, nami sikulijua: mshindo unapopanda hukua. Mtazame mchungaji anapoupiga mjeledi wake hewani. Mkono husogea kidogo tu, nao mpini ni mnene. Lakini kamba inavyozidi kuwa nyembamba kuelekea nchani ndivyo mwendo unavyozidi, hata ncha ikatoa mlio kama wa bunduki. Angahewa ni mjeledi uliosimamishwa wima. Hapa chini hewa ni nzito. Katika kimo cha kilomita 100 uzito wake kwa kila mita ya ujazo ni chini ya sehemu moja kwa milioni ya ule wa hapa chini. Nguvu ile ile iliyoisogeza hewa nzito kwa milimita moja, ikifika kule bila kupotea njiani, huisogeza hewa nyembamba kwa zaidi ya mita moja. Mtikisiko ambao hapa hauwezi kuzima mshumaa, huko juu ni dhoruba.

Hewa hiyo inapokwenda huku na huko huzikokota ioni zilizomo. Na kwa kuwa dunia ni sumaku kubwa, vijisehemu vyenye chaji vikikokotwa ndani ya nguvu za sumaku huzaa umeme. Ndiyo kanuni ile ile ya dinamo ya baiskeli: gurudumu likizunguka, taa huwaka. Volkano huwa imekanyaga pedali.

Wazo la kuwako umeme angani si geni. Mwaka 1882 Mwingereza mmoja, Balfour Stewart, alidai kwamba mabadiliko madogo ya kila siku ya dira za sumaku husababishwa na mikondo ya umeme iliyoko juu ya hewa. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 27 Agosti 1883, Krakatoa ikalipuka huko Indonesia, na ulimwengu ukapewa funzo la kwanza la jinsi mlima mmoja unavyoweza kuitikisa angahewa nzima. Katika kisiwa cha Rodrigues, kilomita 4,800 hivi kutoka Krakatoa, ndani ya Bahari Hindi hii yetu, mkuu wa polisi aliisikia milio akadhani ni mizinga ya merikebu. Barometa za miji mingi ya dunia zilionyesha kanieneo ya hewa ikiruka ghafla kisha kushuka, na baada ya saa kadhaa kuruka tena. Wimbi lile lilikuwa likiizunguka dunia. Wataalamu wa Royal Society ya London walizikusanya rekodi hizo katika ripoti kubwa iliyotoka mwaka 1888, wakaonyesha kwamba barometa zililipokea wimbi hilo mara saba, likienda na likirudi. Wakati huo Nairobi ilikuwa bado ni mahali pa Wamaasai kunyweshea ng'ombe, na barometa za bara letu zilikuwa za kuhesabika. Kitu cha Krakatoa kilichotufikia kikaonekana kwa macho ni yale mawe mepesi ya volkano yaeleayo majini, ambayo bahari iliyaleta hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Wimbi hili la kanieneo huitwa wimbi la Lamb, kwa jina la mwanahisabati Mwingereza Horace Lamb. Halipandi juu kama moshi wala halibaki chini kama maji. Hutambaa juu ya uso wa dunia, mguu wake ukiwa ardhini na kichwa chake juu angani, kwa mwendo unaokaribia ule wa sauti. Mwaka 2022 vyombo vya ulimwengu mzima vililiona wimbi la Tonga likipita mara nne upande mmoja na mara tatu upande wa pili kwa muda wa siku sita. Karibu sawasawa na Krakatoa, miaka 139 baadaye.

Je, lilipita Kenya? Walimu wenzangu wa Jiografia na Hisabati, hili ni zoezi la kuwapa wanafunzi leo hii, kwa tufe la dunia na kipande cha uzi. Nimelifanya mwenyewe. Kutoka Tonga hadi Nairobi, kwa njia fupi kabisa juu ya tufe, ni takriban kilomita 15,700. Wimbi lilikwenda kilomita 1,130 hivi kwa saa. Basi lilihitaji kama saa kumi na nne. Liliondoka kule saa moja na robo asubuhi kwa saa zetu. Lilipita juu ya Nairobi saa tatu na dakika kadhaa za usiku wa Jumamosi ile, shule zikiwa zimefunguliwa, watoto wa bweni wakijiandaa kulala na walevi wakianza tu. Nusu yake nyingine, iliyozunguka kwa upande wa pili, ilikuwa na safari ya kilomita 24,300, nayo ikatupita kama saa kumi na dakika arobaini alfajiri ya Jumapili. Baina ya nyakati hizo mbili, pande zote za wimbi zilikutana upande wa pili wa dunia, mahali palipoelekeana na Tonga kama kisogo na paji la uso. Mahali hapo ni jangwa la kusini mwa Algeria, humu humu barani Afrika. Kanieneo katika nchi za mbali ilibadilika kwa hektopaskali moja au mbili, sawa na badiliko analolipata mtu anayezipanda ngazi za jumba la orofa nne au tano. Hakuna aliyehisi chochote.

Lakini juu ya wimbi hilo, kule nchani mwa mjeledi, ayonosfia ilikuwa ikipanda na kushuka. Tunalijua hilo kutokana na chombo ambacho siku hizi kimo ndani ya simu, ingawa si kila mtu anajua kinavyofanya kazi. Setilaiti za GPS huelea kilomita 20,200 juu yetu na kutuma ishara za redio. Ishara ikipita katika ayonosfia hucheleweshwa kidogo. Elektroni zikiwa nyingi hucheleweshwa zaidi. Kwa mpima ardhi ucheleweshaji huo ni udhia, maana humsogezea mpaka wa shamba. Kwa mtaalamu wa anga ni kipimo: akizisikiliza setilaiti kwa mawimbi mawili tofauti, hujua ni elektroni ngapi zilizo njiani. Mwaka 2004 mlima Asama wa Japani ulipolipuka, mlipuko wa kiasi tu, vipokezi vya GPS vya nchi hiyo viliuona mshindo ukifika katika ayonosfia baada ya dakika zaidi ya kumi. Na mwaka 2022 maelfu ya vipokezi duniani kote yaliona viwimbi vya elektroni vikisambaa kutoka Tonga kwa mwendo ule ule wa wimbi la Lamb, vikaizunguka dunia mara tatu katika siku nne.

Mambo mawili katika habari hizo yalinikosesha usingizi.

La kwanza ni la Japani. Wimbi la hewa lilihitaji saa saba hivi kufika huko. Lakini ayonosfia ya Japani ilianza kutikisika kama saa tatu kabla ya wimbi kuwasili. Mgeni hajabisha hodi na tayari vyombo vinacheza kabatini! Maelezo waliyoyatoa wataalamu ni haya. Nyuzi za nguvu za sumaku ya dunia huchomoka upande mmoja wa ikweta, hupanda angani na kushuka upande wa pili, kama upinde wa mlango. Uzi wenye mguu mmoja juu ya Japani, mguu wake wa pili upo juu ya Australia, nayo Australia iko karibu zaidi na Tonga. Wimbi lilipofika Australia na kuzikokota ioni za huko, umeme uliozaliwa ulisafiri kwa kufuata uzi huo hadi Japani, karibu papo hapo. Hewa ilikuwa bado njiani.

La pili linatuhusu sisi zaidi. Katika kimo cha kilomita 100 na kitu, mchana, kuna mkondo wa umeme unaozunguka dunia kwa kufuata ikweta ya sumaku, ambayo si ikweta ile tuliyoichora katika ramani. Ikweta ya ramani hupita Nanyuki, ambako watalii hupigwa picha. Ikweta ya sumaku hupita kaskazini mwetu, juu ya Ethiopia. Kwa kawaida mkondo huo huenda mashariki. Siku ya Tonga, setilaiti za Ulaya ziitwazo Swarm na setilaiti ya Marekani iitwayo ICON, iliyorushwa mwaka 2019, zilipima yaliyoupata. Pepo za anga ya juu zilifika mwendo wa zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Mkondo ule wa umeme ulipanda hadi mara tano ya nguvu zake za kawaida, kisha ukageuka na kwenda magharibi kwa muda. Volkano moja ilikuwa imeugeuza mto wa umeme wa mbinguni urudi ulikotoka. Na kule Asia, baada ya machweo, yalizuka mapovu makubwa yasiyo na elektroni, ambayo setilaiti ya Japani iitwayo Arase iliyakuta yakiwa yamepanda hadi kilomita 2,000 angalau. Ishara ya setilaiti ikipita katika mapovu ya namna hiyo humeremeta kama nyota, na kipokezi huweza kuipoteza.

Mapovu hayo, kwa taarifa yako msomaji, si ya volkano pekee. Yanatokea yenyewe katika ukanda huu wa ikweta usiku, hasa katika miezi ya Machi na Septemba, na anga ya Afrika ni moja ya anga zinazoyazaa kwa wingi. Sisi tunaishi chini ya sehemu ya ayonosfia iliyo nyepesi kabisa kuvurugika. Rubani anayetua kwa msaada wa setilaiti, mpima barabara, hata kijana wa bodaboda anayeonyeshwa njia na simu, wote wanaitegemea hewa hiyo itulie. Kwa hiyo ungalidhani kwamba sisi ndio tungalikuwa na macho mengi ya kuitazama. Japani peke yake ina vipokezi vya GPS vya kudumu zaidi ya elfu moja. Bara letu lote, pamoja na ukubwa wake, lina vichache mno. Kuna kimoja Malindi, kuna kingine Nairobi, na baina ya kimoja na cha pili waweza kusafiri siku nzima.

Malindi hiyo ina historia ambayo nahisi vijana wetu wengi hawakufunzwa. Kuanzia miaka ya sitini Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini katika ghuba ya Ngwana. Watu hukumbuka Uhuru, setilaiti iliyorushwa siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 1970, kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Lakini setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka pale, San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967, ilikuwa na kazi ya kupima uzito wa hewa ya juu kabisa katika eneo la ikweta. Na ya mwisho, tarehe 25 Machi 1988, nayo iliichunguza hewa hiyo. Miaka mitatu kabla ya mimi kumcheka yule mvulana, roketi ilikuwa imepita juu ya pwani yetu ikienda kuitafiti hewa ile ile aliyoitaja katika jibu lake. Mimi nilikuwa naijua San Marco kama mahali pa kupeleka wanafunzi matembezi.

Yafaa nitoe tahadhari, nisije nikageuza kosa langu la zamani kuwa jipya. Si kila volkano hutikisa mbingu. Nyiragongo ilipotapika mwaka 2002, tope la moto liliingia mjini Goma na kuunguza mitaa mizima. Waliopatwa na msiba ule hawatausahau. Hata hivyo lava ile ilitiririka, haikupiga mshindo, na hewa ya juu haina habari na kitu kinachotiririka. Kinachotakiwa ni pigo la ghafla, kama baruti ya timboni. Ndiyo kusema volkano inayowaua majirani na ile inayozitikisa mbingu za mbali si lazima iwe moja. Pili, siku ile ya Tonga jua nalo halikuwa limetulia: tangu tarehe 14 kulikuwa na tufani ya sumaku ya kiasi, nayo huivuruga ayonosfia kwa njia yake, hata ikawapa wataalamu kazi ya kuchambua kipi ni cha jua na kipi ni cha mlima. Wanafunzi waambiwe hayo pia. Sayansi inayosimuliwa kana kwamba kila kitu kilikuwa wazi tangu mwanzo huwafanya watoto wadhani wao tu ndio wasioelewa.

Kinachonikera ni jinsi tulivyolifundisha somo lenyewe. Katika mtaala wa 8-4-4 niliofundisha, matabaka ya angahewa yalikuwa ya Kidato cha Kwanza, chini ya hali ya hewa. Volkano zilikuwa za Kidato cha Pili, chini ya maumbile ya ardhi. Redio na umeme vilikuwa vya mwalimu wa Fizikia, chumba cha pili. Matabaka yenyewe tuliyachora kwa rula: mstari, jina, kimo, mstari, jina, kimo. Mchoro ule ulikuwa mzuri kwa kukariri. Ila ulimwambia mtoto kwamba hewa ni jumba la ghorofa, kwamba wanaoishi juu hawasikii kelele za walio chini. Mvulana wa timboni alikuwa amezisikia kelele kwa masikio yake mwenyewe, akakataa kuyaamini madari niliyomchorea. Nami nilikuwa na mwongozo wa kusahihisha, na katika mwongozo jibu lake halikuwamo.

Mitaala imebadilika tangu hapo, nasi tunaambiwa sasa mtoto atafundishwa kufikiri. Inshallah. Kuna hata shule za Afrika ambazo zimewekewa vituo vidogo vya hali ya hewa, kama vile vya mradi wa TAHMO, vinavyopima kanieneo pamoja na mvua na joto, na simu nyingi za siku hizi zina barometa ndani yake. Siku ambayo mlima mwingine wa aina ya Tonga utalipuka, mwalimu mwenye rekodi hizo, tufe na uzi ataweza kuwaambia wanafunzi wake saa ya wimbi kufika, kisha wakae pamoja walisubiri.

Kuhusu mvulana yule, nimerudia kulisahihisha jibu lake mara nyingi kichwani. Aliandika kwamba tabaka la juu hutikisika, hata katika nchi za mbali: hiyo ni alama moja, kamili. Aliandika kwamba redio hunyamaza. Hapo alikosea, maana redio hazinyamazi. Sauti huyumba, na vipimo vya setilaiti hupotoka kwa mita kadhaa. Nusu alama, basi, kwa kuwa alijua ni kitu gani kingeguswa. Alama moja na nusu kati ya mbili. Nilimpa sufuri.